Kabla Kadi Haijaisha Muda: Mapitio ya Kila Mwaka ya Bima ya Afya kwa Wazee wa Ngara na Biharamulo

Kwa mzee anayeishi na shinikizo la juu la damu au kisukari, uhai wa kadi ya bima ni sehemu ya matibabu yenyewe. Dawa za maradhi hayo hutumiwa kila siku, mara nyingi kwa maisha yote, na mgonjwa hulazimika kurudi kliniki mara kwa mara ili apimwe na kupewa dawa nyingine. Kadi nayo ina tarehe ya ukomo. Tarehe hiyo ikipita bila familia kujua, mzee hufika dirishani akaambiwa alipe taslimu, akarudi nyumbani mikono mitupu, na pengine majuma machache baadaye akaletwa tena akiwa amepooza upande mmoja. Dawa ilikuwapo kituoni siku ile. Kilichokosekana ni kadi hai.

Makala haya yanaeleza njia ambazo mzee wa Wilaya ya Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, anaweza kuzitumia kugharamia matibabu yake, mipaka ya kila njia, na namna familia na watoa huduma wanavyoweza kukaa mara moja kwa mwaka na kuamua ni ipi inayomfaa.

Kwa nini mapitio yafanywe kila mwaka

Katika baadhi ya nchi kuna majuma maalumu ya mwaka ambamo wazee wote hujiandikisha au kubadili bima zao. Kwa kaya za vijijini Tanzania mambo ni tofauti. Uanachama wa Mfuko wa Afya ya Jamii, ujulikanao zaidi kama CHF, umekuwa ukidumu mwaka mmoja, kisha kaya ikichangia upya. Kila kaya basi ina tarehe yake. Hakuna tangazo la kitaifa litakalowakumbusha wote kwa pamoja, na jirani aliyehuisha kadi yake mwezi huu hawezi kuwa kipimo cha kadi ya mwingine.

Ndani ya mwaka huo mmoja mambo matatu huweza kubadilika. La kwanza ni afya ya mzee: aliyekuwa akiumwa magoti tu huenda sasa amegundulika kuwa na kisukari, au macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho na anahitaji upasuaji. La pili ni kaya: mjukuu amehamia, mwingine ameolewa, mwenzi amefariki, mtoto aliyekuwa mwajiriwa amestaafu. La tatu ni masharti ya bima: viwango vya michango, orodha ya huduma na vituo vilivyo na mkataba hurekebishwa na mamlaka husika. Bima iliyofaa mwaka jana inaweza isifae mwaka huu, na mzee hatalijua hilo mpaka siku atakapougua, isipokuwa mtu ameangalia mapema.

Msamaha wa matibabu

Uchangiaji wa gharama katika vituo vya umma ulianza Tanzania mwaka 1993. Pamoja na uchangiaji huo uliwekwa utaratibu wa msamaha kwa makundi maalumu na kwa wasio na uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na Sera ya Afya ya 2007 ikaeleza kuwa wazee wa umri huo wasio na uwezo wapate huduma bila malipo katika vituo vya umma.

Maneno matatu katika sera hiyo husahaulika: "wasio na uwezo". Msamaha hautolewi kwa mvi pekee. Mzee hutambuliwa kwanza na serikali ya kijiji au mtaa, jina lake hupelekwa ngazi ya kata na halmashauri, na Afisa Ustawi wa Jamii huhusika katika kuthibitisha. Akishatambuliwa hupewa kitambulisho cha kumwezesha kutibiwa. Mzee ambaye hajapitia hatua hizo anaweza kufika zahanati akiwa na haki kamili na bado akakosa cha kuonyesha.

Kikwazo cha kawaida ni uthibitisho wa umri. Wazee wengi wa Ngara na Biharamulo walizaliwa nyumbani, wakati ambapo vyeti vya kuzaliwa havikuwa jambo la kawaida vijijini. Kitambulisho cha Taifa husaidia, lakini mwaka wa kuzaliwa uliojazwa humo mara nyingine nao ni wa kukadiria. Hapo kumbukumbu za historia huwa msaada. Mtu aliyekwisha kuzaliwa wakati wa Uhuru, Desemba 1961, amevuka miaka 60. Mwanamume aliyekwenda mstari wa mbele akiwa mtu mzima katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 naye amevuka. Mtoa huduma au mtendaji wa kijiji anayejua kuuliza maswali ya namna hii, kisha akaandika jibu na kuweka saini ya shahidi, humwondolea mzee safari nyingi za bure.

Msamaha una udhaifu mmoja ambao watoa huduma wanaufahamu vizuri. Kituo kinapomhudumia mwenye bima, mfuko hukirudishia fedha, na fedha hizo zinaweza kununua dawa. Kituo kinapomhudumia mwenye msamaha, kwa kawaida hakuna anayekirudishia. Kadiri wenye msamaha wanavyokuwa wengi na fedha za kununulia dawa zinavyopungua, ndivyo mzee anavyozidi kuonwa na mganga bila malipo kisha akapewa karatasi aende duka la dawa muhimu. Huduma imekuwa bure, lakini tiba imenunuliwa. Ndiyo maana hata mzee mwenye msamaha anafaidika familia yake ikiangalia kama ipo njia nyingine ya kuongezea.

Mfuko wa Afya ya Jamii

CHF ilianza kwa majaribio katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, ikapewa sheria yake mwaka 2001. Wazo lake ni jepesi: kaya inachangia mara moja kwa mwaka, wakati ina fedha, na inatibiwa mwaka mzima, hata wakati haina. Tangu 2018 mfuko huo uliendeshwa kwa mfumo mpya uitwao CHF Iliyoboreshwa. Kiwango kilichowekwa kwa mikoa mingi, Kagera ikiwamo, kilikuwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo kila mtu wa kaya iliyojaa alichangiwa Sh 5,000 kwa mwaka, na kaya nzima ilihitaji kuweka akiba ya Sh 2,500 kila mwezi ili kufika mwisho wa mwaka ikiwa tayari.

Uboreshaji huo ulileta mabadiliko mawili makubwa. Zamani kadi ya CHF ilitumika hasa katika kituo ambako kaya ilijiandikisha. CHF Iliyoboreshwa ilimruhusu mwanachama kupanda kwa rufaa kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa. Aidha, uandikishaji ulisogezwa vijijini: mwandikishaji hufika kwenye kaya akiwa na simu, akapiga picha za wanakaya na kuingiza taarifa zao kwenye mfumo.

Kwa wazee, swali la nani ahesabiwe katika watu sita lina uzito wa pekee mkoani Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani humu mwaka 1983, na kwa miongo iliyofuata mabibi na mababu wengi walibaki wakiwalea wajukuu waliofiwa na wazazi. Kaya ya bibi na wajukuu wanne ni kaya kamili. Bibi ndiye mkuu wa kaya, na wajukuu ni wategemezi wake. Mwandikishaji asimwache kando kwa kudhani kwamba lazima awepo baba.

Kwa upande mwingine, mzee anayeishi kwenye nyumba yake, hatua chache kutoka kwa mtoto wake mwenye familia kubwa, asidhani kuwa kadi ya mtoto inamhusu. Kama jina na picha yake havimo katika kadi ile, hayumo, ingawa wanakula chungu kimoja. Watu sita wakijaa, kadi ya pili inahitajika.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, uliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kutoa huduma mwaka 2001. Wanachama wake wa msingi ni watumishi wa umma, ambao hukatwa asilimia 3 ya mshahara huku mwajiri akiongeza asilimia 3. Mzee wa kijijini anaweza kuingia katika mfuko huu kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni kustaafu. Mwanachama aliyekuwa akichangia akiwa kazini huendelea kupata huduma baada ya kustaafu, yeye na mwenzi wake. Mwalimu mstaafu wa Rulenge au muuguzi mstaafu wa Biharamulo hana sababu ya kulipia CHF kwa ajili yake mwenyewe kama kadi yake ya ustaafu iko hai. Anachopaswa ni kuhakikisha taarifa zake na za mwenzi wake zimekamilika.

Mlango wa pili ni mtoto mwajiriwa. Mwanachama anaruhusiwa kuandikisha mwenzi na wategemezi wanne, na wategemezi hao wanaweza kuwa watoto, wazazi au wakwe. Hapa familia nyingi hupoteza nafasi bila kujua. Mtumishi mwenye watoto wanne huzijaza nafasi zote na kuwaambia wazazi wake kwamba hakuna nafasi. Miaka inapita. Mtoto wa kwanza anatimiza miaka 18 na kumaliza masomo, haki yake ya kuwa mtegemezi inakoma, na nafasi inabaki wazi bila mtu kuikumbuka. Mapitio ya kila mwaka yangeigundua, na jina la mama lingejazwa.

Mlango huu una ukingo wake. Haki ya mzazi inasimama juu ya ajira ya mtoto. Mtoto anapostaafu, bima inayoendelea ni ya mstaafu na mwenzi wake. Mzazi mwenye miaka 85 anaweza kupoteza kinga mwezi uleule mtoto wake anapotimiza miaka 60. Familia yenye mtumishi anayekaribia kustaafu haina budi kulizungumza jambo hilo mapema, ama kwa kumhamishia mzazi kwa mtoto mwingine mwajiriwa, ama kwa kumwandikisha katika mpango mwingine kabla ya kinga kukatika.

Mlango wa tatu ni vifurushi vya hiari, ambavyo mtu hulipia mwenyewe. Mchango wake hupanda kwa umri, hivyo kwa mtu wa miaka 60 na zaidi huwa mkubwa kuliko kwa kijana. Vifurushi vya hiari pia huweka muda wa kungoja kabla ya baadhi ya huduma kuanza kulipiwa. Anayekwenda kukata bima akiwa tayari ameandikiwa upasuaji asome sharti hilo kwanza.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote

Wakati Bunge lilipokuwa likijadili suala la bima kwa wote, takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya afya ya aina yoyote. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inakusudia kila mkaazi awe ndani ya mpango wa bima, inaweka kitita cha mafao ya msingi, na inaanzisha mfuko maalumu wa kugharamia wasio na uwezo, utakaopata fedha kutoka vyanzo kadhaa, ikiwamo sehemu ya mapato ya kodi.

Kwa mzee maana yake ni kwamba kutambuliwa kuwa hana uwezo kunazidi kuwa na thamani. Zamani utambuzi huo ulimpa msamaha usio na fedha nyuma yake. Kwa mujibu wa sheria mpya utambuzi huo ndio mlango wa bima inayolipiwa na mfuko. Jina lisilo kwenye orodha ya kijiji haliwezi kulipiwa. Kwa hiyo kazi ya Baraza la Wazee la kijiji, mtendaji na Afisa Ustawi wa Jamii ya kuorodhesha kwa haki na kuhakiki orodha kila mwaka ni kazi ya tiba, ingawa hufanyika nje ya kituo. Kwa kuwa utekelezaji wa sheria huendeshwa kwa kanuni, kiwango cha mchango na mafao yanayotumika kwa mwaka husika yaulizwe katika ofisi ya halmashauri au kituoni, wala yasichukuliwe kutoka katika risiti ya mwaka uliopita.

Umbali, rufaa na ngazi za vituo

Bima hupimwa kwa mahali inapotumika. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo inapakana na Mkoa wa Geita. Kwa miaka mingi Hospitali ya Murgwanza, inayomilikiwa na Kanisa Anglikana, imekuwa hospitali teule kwa Ngara, na Hospitali ya Rulenge ya Kanisa Katoliki imehudumia upande wake wa wilaya hiyo. Biharamulo nayo imekuwa na hospitali teule inayomilikiwa na Kanisa Katoliki. Hospitali za mashirika ya dini huhudumia kwa mikataba na halmashauri au mifuko, kwa hiyo ni vema kuuliza mapema kama msamaha au kadi fulani inapokelewa huko, na kwa huduma zipi.

Ngazi ya juu ya CHF Iliyoboreshwa ilikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Kagera iko mjini Bukoba, zaidi ya kilometa 150 kutoka Ngara mjini na vilevile kutoka Biharamulo mjini. Kwa mkaazi wa Biharamulo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Chato, mkoani Geita, iko karibu zaidi. Lakini hospitali ya kanda ni ngazi ya juu ya ile ya mkoa, na ukaribu wa barabara hauibadilishi kadi. Mzee mwenye kadi ya ngazi ya mkoa anayekwenda moja kwa moja hospitali ya kanda, iwe Chato au Bugando jijini Mwanza, anaweza kujikuta akilipa taslimu. Mzee mwenye kadi ya NHIF kupitia mtoto wake ana upana zaidi, kwa kuwa kadi hiyo hutumika katika vituo vilivyosajiliwa na Mfuko nchini kote, kwa kufuata utaratibu wa rufaa.

Dawa nazo zina ngazi. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu huonyesha dawa ipi itolewe kuanzia zahanati, ipi kuanzia kituo cha afya, na ipi hospitalini. Mzee aliyeanzishiwa dawa mpya hospitalini asidhani ataipata zahanati ya kijijini kwake. Daktari anayemruhusu amweleze ni kituo gani cha karibu kinachoruhusiwa kutoa dawa hiyo, na pale inapowezekana kitabibu achague ile inayopatikana ngazi ya chini. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji kwa kawaida hubaki juu ya familia, na kwa safari ya kila mwezi nauli inaweza kuzidi mchango wa bima wenyewe.

Maswali ya mapitio

Mapitio yanahitaji muda wa saa moja, kadi zote za kaya, daftari la kliniki la mzee, na mtu mmoja anayesoma vizuri. Maswali yafuatayo yaulizwe kwa mfululizo, na majibu yaandikwe.

1. Kadi iliyopo inaisha lini? Tarehe iandikwe kwenye kalenda ya nyumbani na kwenye daftari la kliniki.

2. Mzee ana magonjwa gani, anatumia dawa zipi, na hupata kila dawa wapi? Dawa inayonunuliwa dukani ihesabiwe kwa miezi 12.

3. Je, kuna huduma kubwa inayotarajiwa mwaka ujao, kama upasuaji wa mtoto wa jicho, wa tezi dume au wa ngiri? Hufanyika ngazi gani, na kadi inafika huko?

4. Je, yupo mtoto, mkwe au mwenzi aliye mwanachama wa NHIF? Nafasi zake za wategemezi zimejazwa na nani, na nani kati yao amevuka umri?

5. Je, jina la mzee limo katika orodha ya wasio na uwezo ya kijiji, na kama kaya inahudumiwa na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, je, sehemu ya ruzuku inaweza kutengwa kwa ajili ya mchango?

6. Je, majina yanafanana katika Kitambulisho cha Taifa, kadi ya bima na daftari la kliniki? Mama aliyeandikwa kwa jina la ubatizo mahali pamoja na kwa jina la nyumbani mahali pengine anaweza kukataliwa dirishani.

7. Nani katika familia atawajibika kuhuisha kadi, na fedha zitatoka wapi?

Mifano mitatu ya kufikirika

Tuseme bibi mmoja wa Ngara ana miaka 72, anaishi na wajukuu watatu wanaosoma shule ya msingi, na ana shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa inayotolewa katika kituo cha afya cha karibu. Hana mtoto mwajiriwa. Kwake yeye, msamaha utamlinda yeye peke yake, ilhali malaria ya mjukuu italipiwa taslimu pale umri wa mtoto unapopita kipindi cha msamaha wa watoto wadogo. Kadi ya kaya inawalinda wote wanne. Uamuzi wa busara ni kushika vyote viwili: kitambulisho cha msamaha kwa ajili yake, na kadi ya kaya kwa ajili ya nyumba nzima, iwapo mchango unaweza kupatikana.

Tuseme babu wa Biharamulo ana kisukari, figo zake zimeanza kudhoofika, na binti yake ni mwalimu jijini Mwanza mwenye watoto wawili. Binti ana nafasi mbili wazi. Babu huyu atahitaji vipimo na madaktari bingwa wa ngazi ambazo kadi ya kaya haifiki. Kumwacha katika kadi ya kaya kwa sababu "ameizoea" ni kumwekea familia deni la baadaye. Aandikishwe kwa binti yake kabla hali haijawa ya dharura.

Tuseme mume na mke wa miaka 68 wana afya njema, wana shamba la kahawa, na hawaoni sababu ya kuchangia. Kwao hoja ni ya namna nyingine. Shinikizo la damu kwa kawaida halina dalili kwa miaka mingi; kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, ndicho kinachoonyesha. Mwenye kadi hapati shida kwenda kupimwa akiwa mzima. Tena mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao haudumu, kwa kuwa matumizi huzidi makusanyo. Mchango wao wa mwaka huu ambao hawakuutumia ndio unaomtibu jirani, na wa jirani utawatibu wao zamu yao ikifika.

Wajibu wa mtoa huduma

Muuguzi wa kliniki ya magonjwa sugu humwona mzee mara nyingi kuliko ofisa yeyote wa bima. Akiongeza swali moja katika kila hudhurio, "Mzee wangu, kadi yako inaisha lini?", na kuandika tarehe hiyo juu ya daftari, pengo la dawa linaweza kuzuilika. Kumbukumbu itolewe miezi miwili kabla, ili familia ipate muda wa kutafuta fedha. Ikiwa kadi imekwisha na mgonjwa ana dawa za siku chache tu, Afisa Ustawi wa Jamii ahusishwe siku hiyohiyo. Mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa maneno ya "nenda ukahuishe kwanza".

Mtoa huduma pia ana wajibu wa kusema ukweli kuhusu mipaka. Mwandikishaji anayemwambia mzee kwamba kadi "inatibu kila kitu" huvuna mchango mmoja na kupoteza imani ya kijiji kizima. Ni afadhali mzee aelezwe wazi kwamba kadi inamfikisha ngazi fulani, kwamba dawa iliyokwisha stoo haitazalishwa na kadi, na kwamba safari ya rufaa ina gharama zake. Pale ambapo mzee anafahamu zaidi Kihangaza, Kishubi au Kisubi kuliko Kiswahili, maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya ndugu atakayeyakumbuka.

Fedha na majira

Kaya ya mkulima huwa na fedha kwa majira. Mavuno ya kahawa huanza kuleta fedha katikati ya mwaka. Maharage, mahindi, pamba na tumbaku vina nyakati zake. Kadi inayoisha wakati wa palizi, ghala likiwa tupu, ina hatari kubwa ya kuachwa. Kaya yenye tarehe ya namna hiyo inaweza kutenga fedha ya mchango siku ileile ya kuuza mazao na kuikabidhi kwa kikundi cha kuweka na kukopa hadi siku ya kuhuisha. Watoto walioko mijini wanaweza kugawana zamu, mmoja akibeba mchango wa mwaka huu na mwingine wa mwaka ujao, malipo yakifanywa kwa simu kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo, na risiti ikatumwa kwa mzee au jirani mwenye simu.

Kwa kaya ambayo haijawahi kufanya mapitio, hatua ya kwanza ni ndogo: kadi zote zitolewe zilipohifadhiwa, tarehe zake za mwisho zisomwe kwa sauti, na ile inayokaribia ishughulikiwe juma hilohilo. Kwa kituo ambacho hakijawahi kuuliza, hatua ya kwanza ni safu moja mpya katika rejesta ya kliniki ya magonjwa sugu, yenye kichwa "Kadi inaisha".